Swali: Nimeokoka, je nichome riwaya zangu na niache kuchora?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Mimi ni dada niliyeokoka, tangu niko shule napenda sana riwaya na mashairi, na pia nachora sura za watu kwa penseli. Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi kaniambia vitabu vyote visivyo vya kiroho nivichome kama Waefeso walivyofanya, na kuchora watu niache maana Kutoka 20 imekataza sanamu. Halafu akanipa Wafilipi 4:8, akasema riwaya yenye uzinzi na mauaji ndani haiwezi kupita hapo. Namheshimu lakini moyo haujatulia. Je ni dhambi? Na shairi langu ni lazima limtaje Yesu ndio lihesabike la Kikristo? Nimekutumia moja nililoandika kuhusu mvua.

JIBU: Amina dada, asifiwe. Kwanza usichome kitu. Nasema kwanza manake inawezekana kwenye hilo kabati kuna kitabu kimoja viwili ambavyo wewe mwenyewe unajua kabisa unavisoma kwa sababu gani, hivyo sivitetei, lakini kuchoma vyote kisa sio vya kiroho, hiyo sheria kwenye Biblia haipo.

Hao Waefeso wa Matendo 19:19 wasome taratibu. Waliochoma ni watu waliokuwa wanafanya uganga na vitabu vyenyewe vilikuwa vya uganga, vya kufanyia kazi, thamani yake vipande 50,000 vya fedha, tena walivileta wenyewe, Luka hasemi popote kwamba Paulo aliwaagiza. Sasa huyo huyo Paulo, sura mbili tu nyuma, yuko Athene anahubiri pale Areopago na anawatajia washairi wao, "maana sisi sote tu wazao wake" (17:28). Huo mstari uko kwenye shairi la Aratus, mshairi wa Kiyunani wa karne ya 3 kabla ya Kristo, mtu wa Kilikia hukohuko alikozaliwa Paulo, na shairi lenyewe linamsifu Zeu, mungu mkuu wa Wayunani! Paulo anajua kabisa linamsifu nani, ila ndani yake kaona kitu cha kweli, akakichukua akakielekeza kwa Mungu aliye hai, na mstari unaofuata tu anawarekebisha, kwamba kama sisi ni wazao wake basi tusidhani Uungu ni mfano wa dhahabu au fedha au jiwe. Kalipokea, kalipima, kalisahihisha, yote ndani ya sentensi mbili, na huwezi kufanya hivyo na shairi ambalo hujawahi kulisoma.

Tena kuna hii ambayo huwa inanichekesha. Ule mstari wa 1 Wakorintho 15:33, "Mazungumzo mabaya huharibu tabia njema", ambao vijana husomewa sana wakikatazwa muvi na maigizo, wataalamu wengi wanasema Paulo kauchukua kwa Menander, na Menander alikuwa mwandishi wa tamthilia za kuchekesha.

Danieli naye usimsahau. Kule Babeli alikataa chakula cha mfalme na divai yake, akasimamia hapo bila kuyumba, lakini elimu na lugha ya Wakaldayo aliisoma, na Danieli 1:17 inasema Mungu ndiye aliyewapa hao vijana ujuzi katika elimu hiyo. Yaani alijua pa kuweka mpaka, na mpaka hakuuweka kwenye vitabu.

Ntakwambia na kitu cha historia ambacho nadhani kiongozi wako hajawahi kukisikia. Mwaka 362 Kaisari Julian wa Rumi, aliyelelewa ndani ya kanisa halafu akaukana Ukristo, alitoa amri iliyowaondoa walimu Wakristo kwenye kufundisha fasihi ya Kiyunani, hoja yake ilikuwa kwamba kama hamuiamini miungu ya Homer, yule mshairi mkuu wa Wayunani, basi msimfundishe Homer, nendeni makanisani kwenu mkawaeleze watu Mathayo na Luka. Wakristo wakashukuru kwa kuondolewa kwenye mambo ya dunia? Wapi! Gregori wa Nazianzo, mmoja wa wanateolojia wakubwa kabisa wa kanisa, aliandika kwa hasira dhidi ya ile amri. Walijua mtu anayewatenga na fasihi anataka wabaki kundi la watu wasioweza kujieleza mbele ya wenzao. Leo kile ambacho adui wa kanisa alitufanyia kwa nguvu sisi tunajifanyia wenyewe halafu tunaita utakatifu.

Kuhusu sanamu sitakaa sana. Kutoka 20:4 isome pamoja na wa 5, katazo ni la kujifanyia kitu ukisujudie na kukitumikia. Sura tano mbele Mungu mwenyewe anaagiza makerubi ya dhahabu, na kwenye Hesabu 21 anamwagiza Musa nyoka wa shaba. Huyo nyoka alikaa miaka mingi mpaka watu wakaanza kumfukizia uvumba, ndipo Hezekia akamvunja vipande (2 Wafalme 18:4), na alifanya vizuri. Shaba ilikuwa ileile ya Musa, kilichobadilika ni watu walikuwa wanamfanyia nini. Wakristo tunatofautiana mpaka leo kuhusu picha ndani ya ibada, ule ugomvi ulifika mpaka mtaguso (mkutano mkuu wa kanisa) wa Nikea wa mwaka 787 na bado haujaisha kwa wote, lakini kuchora uso wa mtu kwa penseli hata haumo kwenye huo ugomvi. Chora.

Sasa Wafilipi 4:8, hapa ndipo penye kazi. Neno la kwanza kwenye ule mstari ni "yaliyo ya kweli", halafu ndio yanafuata ya staha, ya haki, safi na mengine. Tukisema maana yake ni kusoma visa visivyo na dhambi ndani, Biblia yenyewe inaanguka, manake Waamuzi 19, mwanamke anavyobakwa mpaka kufa, utaiweka wapi, na Amnoni anayembaka dada yake Tamari kwenye 2 Samweli 13? Cha kuangalia ni je, anayesimulia anaisema dhambi kwa ukweli, unaona inavyoingia, inavyomla mtu, nani analipa gharama yake, au anaipamba ili uitamani? Kuna riwaya ina mzinzi na ukimaliza kuisoma unaogopa kuwa yeye, na kuna stori haina tusi wala busu lakini ni uongo mwanzo mwisho, mfano inakufundisha kwamba anayeomba vizuri hapatwi na mabaya, na juu ya jalada wameweka aya. Angalia kitabu cha Ayubu, ambacho karibu chote ni ushairi. Wale rafiki zake watatu wanaongea maneno ya kidini matupu, mazuri, ukiyatoa pale ukayabandika ukutani watu watasema amina, na mwisho Mungu anasema hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena (42:7), Ayubu ambaye alikuwa analia na kulalamika kwa uchungu mpaka mtu unaogopa. Kwa hiyo sauti ya kidini peke yake sio kipimo.

Na kama unataka kuona Mungu anavyotumia hadithi ya kubuni nenda kwa Nathani, 2 Samweli 12. Daudi kamchukua mke wa Uria, kamuua Uria, katulia kimya. Nathani haji na amri kumi, anakuja na stori ya tajiri na maskini, na hebu ona anavyoisuka: hasemi tu maskini alikuwa na kondoo mmoja, anasema alimlea, akakua pamoja naye na watoto wake, alikula katika chakula chake, akanywa kikombeni mwake, akalala kifuani pake. Kula, kunywa, kulala. Rudi sura moja nyuma usome Uria alipokataa kwenda nyumbani kwake wakati wenzake wako vitani, anamwambia Daudi je niende nyumbani kwangu nile, ninywe, nikalale na mke wangu? Vitendo ni vilevile vitatu! Nathani kamrudishia Daudi maneno ya mtu aliyemuua na Daudi hajashtuka, anawaka hasira juu ya yule tajiri, anamhukumu kifo, ndipo anaambiwa "Wewe ndiwe mtu huyo." Angekuja na shutuma moja kwa moja mfalme angekuwa na majibu tayari, wafalme huwa nayo. Hadithi ilipita alipokuwa hajaweka mlinzi. Na wewe ukisoma riwaya nzuri wakati mwingine unakuwa Daudi, unamchukia mhusika fulani kurasa 200 halafu unagundua ni wewe, sasa hilo nalo tulichome?

Ila na mimi nikuonye kidogo. Augustino, askofu na mwalimu wa kanisa la kale, kwenye kitabu chake cha Maungamo anasikitika kwamba akiwa kijana alimlilia Dido, malkia wa kwenye shairi aliyejiua kwa mapenzi, wakati roho yake mwenyewe inakufa mbali na Mungu na hilo halimlizi. Hatari ya namna hiyo ipo kweli, mtu analia na muvi usiku mzima na mama yake mgonjwa hajampigia simu wiki mbili. Lakini Augustino huyohuyo akiwafundisha watu kusoma Maandiko alisema kweli popote inapopatikana ni mali ya Bwana. Jichunguze tu, ukifunga kitabu unakuwa na huruma zaidi kwa watu walio hai au unazidi kuwakimbia? Na kile kinachokuwashia tamaa acha hata kama mwandishi wake kashinda tuzo zote, hapo usijitetee kwa jina la sanaa.

Kuhusu shairi lako hapana, sio lazima limtaje Yesu. Kitabu cha Esta kwenye Kiebrania hakimtaji Mungu hata mara moja na kimo kwenye Biblia. Mwanzo 2:9 inasema miti ya bustanini ilitamanika kwa macho na ilifaa kwa kuliwa, uzuri umetajwa kabla ya chakula, na wala haukuambatana na mahubiri. Mvua yako iache iwe mvua. Nisichokubali ni sanaa mbovu inayojificha nyuma ya aya, hilo kanisani limezidi. Bezaleli, mtu wa kwanza ambaye Biblia inasema Mungu alimjaza roho yake (Kutoka 31), alijazwa kwa ajili ya ujuzi wa mikono, kuchonga, kufua dhahabu, kukata vito. Kwa hiyo ukiwa na mzigo kweli na ushairi hesabu mizani, ubeti wako wa tatu mshororo wa pili inapelea, na kina cha mwisho umekilazimisha.

Kiongozi wako usibishane naye mbele ya kikundi. Mfuate pembeni, kwa heshima, mfungulie Matendo 17 na Danieli 1 msome wote. Kama dhamiri yake inamkataza riwaya asisome, Warumi 14 inamlinda na wewe usimcheke, ila dhamiri yake hawezi kuigeuza sheria juu yako. Na kama mle kikundini kuna mtu ambaye aina fulani ya hadithi inamrudisha alikotoka, hiyo usimwazime, hata kama wewe unaisoma bila shida.