Mdogo wako asionje tena kamba: yaliyonikuta mimi na walivyoniokoa watu wa nyumbani

Pole sana dada kwa yaliyompata mdogo wako. Umeuliza kama kuvimba midomo na kukosa pumzi baada ya kula kamba ni mzio au ni sumu, na kama maziwa mliyompa ndiyo yaliyomponya. Mwishoni ukasema kuna watu wanamshauri ale kidogo kidogo mpaka mwili uzoee. Hilo la mwisho nalijibu kwanza kwa sababu ndilo linaloweza kumuua: hapana. Asionje hata mchuzi wake. Mtu anaweza kupona kwa wepesi mara ya kwanza, na mara ya pili hali ikawa mbaya kabisa.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kamba nimekula tangu utotoni, wa nazi, wa kukaanga, na uduvi mpaka kwenye mchicha. Ukubwani mwili ukakataa. Wengi tunadhani mzio ni shida ya watoto, lakini huu wa kamba na kaa mara nyingi huanza mtu akiwa mtu mzima, tena kwa chakula alichokizoea miaka yote. Ndiyo maana hata kwetu minong'ono ya sumu haikukosekana, maana nilikuwa nimetoka kula kwenye shughuli ya watu.

Kwangu ilianza na viganja na nyayo kuwasha, muwasho wa ndani usiokunika. Yakafuata mabaka shingoni, midomo ikawa mizito, tumbo likasokota. Nilipotaka kumwita mume wangu, sauti ilitoka imekwaruza, hata mwenyewe sikuitambua. Nikamwambia, "Baba watoto, nakufa." Madaktari wenyewe wanaihesabu hisia hiyo kuwa ni dalili, kwa hiyo mgonjwa akitamka hivyo msimwambie anadeka.

Mume wangu alimpigia dada yake, ambaye ni muuguzi mkoa mwingine. Simu ikawekwa sauti ya juu, juu ya mkeka. Wifi aliuliza nimekula nini, kisha akataka kunisikia nikiongea. Aliponisikia akaanza kutoa amri: "Mlazeni chali, miguu iinueni. Asisimame wala asitembee, mbebeni. Msimpe kitu chochote mdomoni." Mama mkwe wangu alikuwa ameshaleta kikombe cha maziwa, kwa huruma zake zote. Wifi akamwambia, "Mama, nisamehe, hayo yatampalia." Mama akaweka kikombe chini, akakaa kitako na kuipakata miguu yangu, na hakuiachia hata ndani ya bajaji.

Hilo la miguu naomba mlishike. Mzio ukiwa mkali mishipa ya damu hulegea na presha hushuka. Ukimsimamisha mgonjwa, damu inakimbilia chini na moyo unakosa cha kusukuma, na watu wamewahi kufa kwa kuinuliwa tu. Kama kinachomsumbua zaidi ni pumzi, anaweza kuketi miguu ikiwa imenyooshwa. Anayetapika au aliyepoteza fahamu alazwe ubavu.

Jambo la pili alilosema wifi: "Msikimbilie hospitali kubwa ya mbali. Nendeni penye adrenalini karibu, na mkifika tamkeni neno hilo." Hiyo ndiyo sindano ya dharura ya mzio mkali. Tulipofika kwenye zahanati, dirishani waliulizia kwanza kadi na bima. Mume wangu hakugombana na mtu. Alisema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Mzio mkali, koo linabana, anahitaji adrenalini." Muuguzi aliyekuwa akifunga kidonda cha mtu mwingine akageuka, akaacha, akaja. Alinichoma paja, upande wa nje, katikati, kwenye msuli. Dakika chache baadaye nikaweza kumeza mate. Mikono ilinitetemeka na moyo ukaenda mbio, na hiyo ni kazi ya dawa yenyewe, msiogope mkiiona.

Dozi ya mtu mzima ni miligramu 0.5, yaani nusu ya ile ampuli, kichupa kidogo cha dawa cha mililita 1 chenye miligramu 1. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake. Asipopata nafuu, baada ya kama dakika 5 hurudiwa. Dawa hii imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na si ya bei kubwa ikiwa kwenye ampuli. Piriton na setirizini hutuliza muwasho na mabaka, lakini hazifungui koo wala hazipandishi presha. Na maziwa hayakumponya mdogo wako. Mwili nao hutoa adrenalini yake, na safari hiyo ulishinda wenyewe. Nashukuru Mungu ulishinda.

Msikubali pia kurudi nyumbani mara tu anapojisikia vizuri. Mimi nilikuwa nimeshahamishiwa hospitali, usiku mabaka yakarudi na kifua kikabana upya, ikabidi nichomwe tena. Mume wangu alikuwa macho pembeni, ndiye aliyemwita daktari. Mimi nilikuwa usingizini.

Siku hizi nyumbani kila mtu anajua kazi yake, hata mtoto wangu mkubwa anajua nani wa kupigiwa. Zile kalamu za adrenalini za kujichoma mwenyewe sikuzipata kwenye maduka ya dawa ya huku. Daktari aliniandikia ampuli na mabomba ya sindano, akamfundisha mume wangu kuvuta dozi mpaka akaridhika naye. Msifanye hivyo bila daktari. Tunaiweka mbali na jua na joto, na ikibadilika rangi au ikipitwa na muda tunanunua nyingine.

Chakula cha nje ndicho kinachotaka ujasiri wa kuuliza. Chipsi au viazi vya karai vilivyokaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga kamba mimi sivigusi, na kwenye shughuli naomba nipakuliwe kabla mwiko haujazunguka sufuria zote. Moto hausaidii, kwa sababu ile protini ya kamba inayoleta mzio haiharibiki kwa kupikwa. Uduvi nao ni kamba, hata ukisagwa na kufichwa kwenye mchuzi. Samaki kama changu na kibua nakula bila shida, kwa kuwa protini yao ni tofauti, ila pweza na ngisi nimeviacha mpaka nipimwe, maana baadhi yetu vinatudhuru pia.

Halafu dada, hukusema kama mdogo wako ana pumu. Kama anayo, mpeleke kwa daktari wiki hii hii, kwa sababu wenye pumu ndio wanaozidiwa haraka zaidi mzio unapowapata, na pampu yake ya pumu haichukui nafasi ya ile sindano.