Kukimbia kwenye mbuga za majumba ya Uingereza: fuata mshale wa manjano

Kama unaishi Uingereza na mazoezi yako yote ya kukimbia ni kuzunguka mtaa ule ule, kituo cha mafuta, duka la kebabu, taa za barabarani kisha nyumbani, unajinyima bure. Nchi hii imejaa majumba ya zamani ya wakubwa, yenye mbuga za majani, mito na miti ya karne kadhaa, na njia nyingi zinazokatiza humo ni haki yako kisheria, si hisani ya mtu. Tatizo letu tuliotoka Afrika Mashariki ni kwamba tukiona ukuta wa mawe na lango kubwa tunageuza. Tumekua tukijua kwamba nyuma ya ukuta kuna askari, mbwa na swali la "unamtafuta nani hapa?" Sasa angalia vizuri kando ya lango hilo. Mara nyingi utakuta kigeti cha mbao, na kwenye nguzo yake kimegongomelewa kibao kidogo cha mviringo chenye mshale wa manjano. Pita hapo.

Mshale wa manjano ni njia ya miguu. Wa buluu ni njia inayoruhusu pia farasi na baiskeli. Mkimbiaji anapita kote kuwili. Kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, za kipimo cha 1:25,000 njia hizi zimechorwa kwa vistari vya kijani, na ukiwa na ramani hiyo kwenye simu hupotei. Ardhi inabaki ya mwenyewe, awe duke, mkulima au shirika, lakini njia ni ya umma na hawezi kuifunga kwa sababu tu ameamka vibaya. Wajibu wako ni kubaki njiani, usikate kona katikati ya shamba la mtu. Kwenye nyika na vilima vya wazi, sheria ya mwaka 2000 imelegeza zaidi: maeneo yaliyotajwa unazurura kwa miguu utakavyo. Scotland ni habari nyingine. Huko sheria ya 2003 inakuruhusu karibu kila mahali, mradi uende kistaarabu.

Haki hizi watu walizipigania. Richmond Park ya London ilizungushiwa ukuta na Mfalme Charles I mwaka 1637 ili apate pa kuwinda kulungu. Karne iliyofuata, Binti Mfalme Amelia aliyekuwa msimamizi wa mbuga akawafungia watu nje. Mtengeneza bia mmoja wa hapo Richmond, John Lewis, akaipeleka kesi mahakamani, na mwaka 1758 akashinda. Raia wakapata tena njia yao ya miguu. Leo ukikimbia kuizunguka mbuga hiyo, mwendo wa kilomita kumi na kidogo hivi, unakimbia juu ya hukumu ya muuza bia. Kule Derbyshire nako, Aprili 1932, mamia ya vijana wa viwandani walipanda kwa makusudi kilima cha Kinder Scout, kilichokuwa kimefungiwa umma ili matajiri wapate ndege wa kuwinda. Watano waliishia jela. Mwenye ardhi alikuwa Duke wa Devonshire.

Waliosoma historia shule za Kenya jina hilo wanalijua. Victor Cavendish, Duke wa tisa wa Devonshire, ndiye aliyekuwa Waziri wa Makoloni 1923 ulipotolewa Waraka wa Devonshire, ule uliotamka kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na maslahi yao yatangulie ya wengine. Tuliukariri kwa ajili ya mtihani. Kwenye karatasi maneno mazuri, lakini Nyanda za Juu zikabaki za walowezi na kipande, kile kitambulisho cha lazima, kikabaki shingoni mwa babu zetu. Miaka tisa baadaye, duke huyo huyo akawa mwenye kile kilima ambacho vijana wa Manchester na Sheffield walikatazwa kukanyaga. Mwaka 2002 mjukuu wake, Duke wa kumi na moja, alisimama hadharani akaomba radhi kwa yaliyotendeka Kinder. Kuhusu Nyanda za Juu, bado tunangoja.

Ninayasema haya kwa sababu njia ninayoipenda kuliko zote inapita mbele ya nyumba yao, Chatsworth, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District. Naishi Sheffield, basi la kwenda Bakewell linapita huko, na mbuga yenyewe ni bure mwaka mzima. Unalipia maegesho ya gari, na tiketi ukitaka kuingia ndani ya jumba au bustani. Mkimbiaji wa basi halipi kitu.

Anzia kusini, Calton Lees, ufuate mto Derwent kuelekea kaskazini. Utapita gofu la kinu cha kusaga nafaka, kuta zimebaki, paa hakuna. Njia ni ya majani mafupi yaliyokatwa na meno ya kondoo, laini kwa magoti, lakini baada ya mvua kingo za mto hugeuka tope la kunata. Mbuga hii ilichongwa na Lancelot Brown, aliyeitwa "Capability", kuanzia miaka ya 1750. Kazi yake ilikuwa kuifanya ardhi ionekane kana kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyeipanga, kumbe kila mteremko na kila kundi la miti limepimwa. Anayeendesha gari haoni ujanja huo. Anayekimbia anauona: unapinda kidogo, miti inafunga, unapinda tena na jumba lote linatokea upande wa pili wa mto, la rangi ya mchanga, kubwa kupita kiasi.

Ukifika kwenye daraja la mawe, una hiari tatu. Ukiendelea kaskazini hadi kijiji cha Baslow kisha ukarudi, unapata kilomita tisa au kumi kwa jumla, nyingi tambarare, nzuri kwa anayeanza. Karibu na daraja kuna jengo fupi la mawe lililozungukwa na handaki, linaloitwa kwa jina la Malkia Mary wa Scotland, aliyeletwa Chatsworth mara kadhaa akiwa mfungwa katika miaka ya 1570. Ukipenda kuumia, ingia msitu ulio nyuma ya jumba, upande hadi kwenye mnara wa wawindaji uliojengwa miaka ya 1580. Huko juu kuna ziwa lililochimbwa ili chemchemi ya bustanini iruke kwa nguvu ya mteremko peke yake. Chemchemi hiyo ilijengwa 1844 kwa ajili ya ziara ya Tsar Nicholas wa Urusi, na mgeni mwenyewe hakuja.

Hiari ya tatu ndiyo yangu: kugeuka kwenda magharibi, kijiji cha Edensor. Nyumba zake ni kama sampuli za fundi, hakuna mbili zinazofanana, na sababu yake haipendezi sana. Kijiji cha asili kilikuwa karibu zaidi na mto, kikiharibu mandhari ya wenye jumba. Katika miaka ya 1830 Duke wa sita akakihamisha, watu wakajengewa upya nyuma ya kilima pasipoonekana dirishani. Nyumba moja tu ya zamani iliachwa, ipo peke yake ng'ambo ya barabara. Nyuma ya kanisa ndipo walipozikwa Wacavendish, na pamoja nao Kathleen Kennedy, dada wa Rais John F. Kennedy, aliyeolewa kwenye familia hiyo. Rais huyo alilizuru kaburi la dada yake mwaka 1963.

Upande huo wa mto angalia miguu yako. Majani yanapanda na kushuka kwa mawimbi mapana, hatua kadhaa juu, hatua kadhaa chini, na mwendo unavurugika hujui kwa nini. Hayo ni matuta ya kilimo cha zama za kati. Watu walilima hapa kwa jembe la kukokotwa na maksai, mbuga ikaja juu yake, na kwa kuwa haikulimwa tena matuta yakabaki. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, utayaona yote kwa vivuli vyake. Mimi hupunguza kasi hapo kila mara.

Na hilo la kasi tulizungumze. Ukienda kwenye mbuga hizi, acha kuitazama saa. Majani, mageti, ngazi za kuvukia kuta na vilima vitakula dakika zako, na ukijilazimisha kasi ya lami utarudi na kifundo kilichoteguka. Kimbia kwa pumzi: kama huwezi kusema sentensi nzima, punguza. Panda kilima kirefu kwa kutembea bila aibu. Wazungu wa huku wakisikia natoka Kenya wananipisha njia wakidhani nitapita kama mshale. Mimi ni wa Mombasa, si wa Iten kwa wanariadha, na nawapisha wao.

Viatu: raba za lami zinateleza kwenye majani mabichi. Nunua zenye meno chini, hata za mtumba, mradi meno hayajaisha.

Wanyama ndio jambo ambalo wageni hulidharau. Kulungu wa mbuga wanaonekana wapole, lakini Septemba na Oktoba madume wanapigania majike na akili haziko kichwani. Ushauri wa wasimamizi wa mbuga za kifalme za London ni kukaa umbali wa mita 50, nami naufuata kila mahali. Mei hadi Julai majike wanazaa. Ukikuta mtoto amelala peke yake majanini hajatelekezwa, mama yuko karibu, usimguse. Anayenitisha zaidi hata hivyo ni ng'ombe mwenye ndama. Ukimwona, acha kukimbia, tembea, zunguka kwa mbali, wala usipite kati ya mama na mtoto. Lango liache ulivyolikuta: lililofungwa lifunge, lililo wazi liache wazi, huenda mkulima ana sababu yake.

Kupe nao wapo, hasa kwenye majani marefu. Ukifika nyumbani kagua nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani. Mng'oe kwa kibanio, karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja, usimchome moto wala kumpaka mafuta. Kukitokea duara jekundu linalotanuka siku au wiki kadhaa baadaye, nenda kwa daktari na umtajie kupe, maana wengine wanabeba ugonjwa wa Lyme.

Mfukoni beba ndizi. Karibu kila ndizi ya dukani Uingereza ni aina ya Cavendish, na Cavendish hao ni hawa hawa: mtunza bustani wao, Joseph Paxton, aliikuza kwenye nyumba za vioo hapo Chatsworth katika miaka ya 1830, ikapewa jina la familia, kisha wamisionari wakaipeleka visiwa vya Pasifiki. Kwa utamu haigusi kisukari chetu, ila kilomita ya saba haichagui.

Kwa asiye karibu na Derbyshire, tazama kwanza kama mbuga ya jirani ina parkrun, kilomita tano za bure kila Jumamosi saa tatu asubuhi. Zilianzia Bushy Park, mbuga nyingine ya kulungu iliyo karibu na jumba la Hampton Court, mwaka 2004, kwa wakimbiaji 13 tu. Ipo pia Clumber Park, Nottinghamshire, ambako jumba lenyewe lilibomolewa 1938 na zikabaki safu ndefu za miti ya barabarani. Dada zangu wanaosita kukimbia porini peke yao nawaambia waanzie kwenye parkrun. Ukishajua njia na sura za watu, hofu hupungua. Halafu kule mashambani watu husalimiana, tofauti na mjini. Anayekupita atasema neno, nawe jibu.

Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo toka asubuhi au vaa tochi ya kichwani. Na piga picha ratiba ya basi la kurudi ukiwa bado mjini, kwa sababu Jumapili mabasi ni machache na bondeni mtandao hukatika.