Blackpool, mji wa pwani Uingereza: majibu kwa wasomaji

Shikamoo. Mji wenye upepo na baridi kama Blackpool ulipataje umaarufu wote ule? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Reli na pamba. Treni ilifika mwaka 1846, na huko bara, mbali na pwani, jimbo la Lancashire lilikuwa limejaa viwanda vya nguo. Kila mji wa viwanda ulikuwa na wiki yake ya kufunga kazi. Watu wa mji wa Oldham wakirudi kwenye mitambo, mji mwingine unafungasha mizigo kuja Blackpool. Kwa hiyo wageni walipokezana kiangazi kizima. Kwa miaka mingi likizo hiyo haikuwa na mshahara, watu walidunduliza mwaka mzima. Wanaoudharau mji huu kwa makelele yake husahau kwamba uliinuliwa na fedha za wavuja jasho.

Ule mnara si wameiga Paris?

Wameiga, wala hawajaficha. Meya John Bickerstaffe aliuona wa Eiffel mwaka 1889, na wa kwao ukafunguliwa 1894. Una mita 158, kama nusu ya ule wa Paris. Ila hapo chini wakaweka sarakasi, katikati ya miguu yake minne, na ukumbi wa dansi ambao mpaka leo watu wanacheza kwa kinanda.

Zile pipi za vijiti zenye jina la mji ndani, herufi zinaingiaje?

Kwa mikono. Sukari iliyochemshwa, ikiwa bado moto, hukatwa vipande vya rangi na vyeupe, vikapangwa kuunda herufi moja moja, kubwa kabisa. Herufi zote huzungushiwa sukari nyeupe, kisha ganda la waridi, likawa bonge nene kama gogo. Bonge hilo huviringishwa na kuvutwa mpaka linakuwa kamba ndefu nyembamba. Popote utakapokata, jina lipo.

Tunaishi Manchester. Niwapeleke watoto lini?

Mimi ningechagua jioni ya Septemba au Oktoba. Mwaka 1879 mji uliwasha taa za umeme barabarani, watu wakafurika kuzitazama. Siku hizi mapambo ya taa yanaenea karibu kilomita 10 kando ya bahari, na ndiyo yanayowaongezea wenye hoteli msimu kiangazi kikiisha. Panda tramu uyaone. Kuogelea sahau, maji ni baridi. Na kama watoto wanataka kupanda punda ufukweni, msiende Ijumaa: kwa kanuni za mji, ndiyo siku ya punda kupumzika.