Maswali ya Wasomaji: Figo au Kiuno?

Naendesha bodaboda hapa Kampala. Kiuno kinaniuma na mkojo umekolea rangi. Wenzangu stejini wanasema figo zimechoka, nimeze diklofenaki. Ni kweli?

Kiuno kinachouma zaidi ukiinama au pikipiki ikiingia shimoni, mara nyingi ni misuli na pingili za mgongo. Figo ziko juu ya hapo. Shika kiuno, kisha pandisha vidole gumba mgongoni mpaka viguse mbavu za mwisho: ndipo zilipo, kila moja kama ngumi, ya kulia ikiwa chini kidogo kwa kuwa ini limeikalia. Maumivu yake huwa zaidi upande mmoja na hayajali umeinama au umelala. Yakija na homa na kutetemeka, au yakishuka kinenani kwa vipindi, usingoje kesho.

Kwa siku figo huchuja lita 180 hivi za majimaji ya damu na kuyarudisha karibu yote. Unakojoa lita moja hadi mbili tu. Ukishinda juani bila kunywa, zinabana maji na mkojo unakolea. Kunywa mpaka urudi njano hafifu. Ukiwa umekunywa vya kutosha na bado ni rangi ya chai, huenda ni damu, au nyongo kutoka kwenye ini. Pima mkojo, na utazame kwenye kioo kama weupe wa macho umegeuka manjano.

Diklofenaki waachie hao wa stejini. Inapunguza damu inayoingia kwenye figo, na ukiwa umekaukiwa maji unaziumiza zile zile unazodhani unatibu. Parasetamoli ni afadhali: vidonge viwili vya mg 500, visizidi 8 kwa saa 24. Kama unakunywa waragi, muulize mhudumu kwanza, maana ini ndilo linaloivunja.

Figo zinazoharibiwa na presha au sukari kwa kawaida haziumi kabisa. Hizo hugunduliwa kwa kipimo cha kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huiondoa) katika damu na protini katika mkojo.

Tunaishi mwaloni, Ziwa Albert. Mwanangu wa miaka 9 ana kitu kigumu chini ya mbavu za kushoto. Jirani anasema ni bandama ya malaria, akandwe.

Asikandwe, mama. Bandama iliyovimba hupasuka kwa urahisi, kwa hiyo na mpira asicheze kwanza.

Bandama huondoa chembe nyekundu zilizozeeka, zile zilizokwisha siku 120 hivi, na malaria ya mara kwa mara huivimbisha kweli. Ila kwa mtoto wa ziwani tushuku pia kichocho cha tumbo. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Mayai husombwa hadi kwenye ini, yakakwama, ini likaota makovu, na damu ya utumbo na bandama ikakosa pa kupita. Mishipa ya umio hutanuka, na ikipasuka mtoto hutapika damu.

Apimwe choo na malaria, vyote viwili, na tumbo lipigwe picha ya ultrasaundi. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, mg 40 kwa kila kilo ya uzito: mtoto wa kilo 30 humeza vidonge viwili vya mg 600, baada ya kula. Haiui minyoo michanga, na akirudi kuoga ziwani anaambukizwa upya.

Moyo uko kushoto?

Uko katikati, nyuma ya mfupa wa kifua. Ncha yake ndiyo imeelekea kushoto.