Jibu: Kapasita zitoke kabla jenereta haijabeba mzigo

Ndugu wa Nakuru, usithubutu! Umesema unanunua jenereta ya kinu chako, na kwamba fundi amekushauri uache benki ya kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji vinavyorekebisha pawa fakta) imeunganishwa jenereta ikiwaka, ili dizeli iende pole pole. Huyo fundi atakuunguzia kinu. Kapasita tunafunga kwa sababu ya Kenya Power, maana pawa fakta, yaani sehemu ya umeme unaovuta inayofanya kazi kweli, ikishuka chini ya 0.9 wanakutoza. Jenereta haikutozi. Dizeli inafuata kilowati, na kapasita haipunguzi kilowati za mota zako hata moja.

Hapa Kisumu tuna vyumba vya baridi vya samaki, upande wa Dunga. Jenereta ina ukubwa wa 200 kVA. Mkandarasi akatufungia kapasita za 75 kVAr (kipimo cha ukubwa wa kapasita) moja kwa moja kwenye basiba, vile vyuma vinavyogawa umeme ndani ya paneli, bila kontakta, yaani swichi inayojifunga na kujifungua kwa umeme, akaapa kwamba zitatufaa kwa stima na kwa jenereta pia. Usiku stima ikapotea. Jenereta ikawaka, lakini kompresa zina taima, hazianzi papo hapo, kwa hivyo mzigo ulikuwa taa chache na kapasita. Taa ziling'aa mpaka zikaumiza macho. Sindano ya voltmita ikapita 415, ikapita 450, ikakaribia 480 ndipo jenereta ikajizima. Vidhibiti vya friji vilikuwa vimeshaungua, na samaki wakaharibika.

Mkandarasi akasema AVR, kidhibiti cha volteji ya jenereta, imekufa. Tukanunua mpya, yakawa yale yale. Akasema hiyo ni feki, tukanunua nyingine. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakuwahi kupima volti za fildi, umeme ambao AVR hudhibiti ili kuipa nguvu sumaku ya jenereta! Mzee mmoja aliyestaafu kutoka kiwanda cha sukari ndiye aliyeweka mita pale: volti za kutoka zinapanda, za fildi ziko karibu sifuri. AVR ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa imeshakaza mfereji hadi mwisho.

Mkondo wa kapasita hutangulia volteji. Ukipita kwenye koili za stata (sehemu isiyozunguka), unaiongezea nguvu sumaku ya rota (sehemu inayozunguka), ilhali mkondo wa mota huidhoofisha. Volteji inapanda, AVR inapunguza fildi, na fildi ikiisha, kapasita zenyewe zinaendelea kuisukuma jenereta juu. Tena kapasita hufuata mraba wa volteji: zile 75 kVAr, kwa volti 480, zinakuwa 100. Jenereta nyingi huvumilia mkondo huo wa kutangulia hadi takriban asilimia 20 ya kVA zake. Yetu ilibebeshwa zaidi ya asilimia 37 tangu mwanzo.

Kwa hivyo kapasita zipitie kontakta, na koili inayoifunga ilishwe kupitia mguso wa pembeni (swichi ndogo inayofunga pamoja nayo) wa kontakta inayoingiza stima ya Kenya Power. Stima ikitoka, kapasita zinatoka, na jenereta ikiingia haizikuti. Usikubali kuambiwa mlinzi atazima kwa mkono. Saa nane usiku, mvua ikinyesha, hatazima. Stima ikirudi, taima izicheleweshe dakika 3 zimwage chaji.

Rahisi kuliko yote ni kuzihamishia upande wa mita, kabla ya swichi ya kubadilisha stima na jenereta. Hapo jenereta haizioni kamwe. Fungua paneli, ufuate waya za kapasita kwa macho mpaka zinapoungana, kisha utume picha hapa kabla hujamlipa huyo fundi.