Sambusa ndogo za tufaha kwa manda za dukani

Dada, umeuliza kwa nini sambusa zako za tufaha, ulizozifunga kwa manda za dukani, zilipasuka ndani ya mafuta. Kosa, kwa maoni yangu, halimo katika manda bali katika tufaha lenyewe, ambalo hutoa maji mengi likikutana na sukari na joto. Katakata matufaha mawili vipande vidogo sana, uyapike kwa siagi kidogo, vijiko viwili vya sukari, mdalasini na iliki hadi maji yakauke kabisa, kisha uyatandaze kwenye sinia yapoe, kwa kuwa yakijazwa yangali moto hulainisha manda. Ukitaka sambusa ziwe ndogo za kuliwa kwa tonge moja, kata kila manda kwa urefu, tia kijiko cha chai cha matufaha, kunja pembetatu, ziba kwa uji mzito wa unga wa ngano, na ukaange kwa moto wa wastani.