Sangara wa Januari, Julai wamekwenda wapi?

Swali: Shikamoo nahodha. Januari tulikodi boti nje ya Ukerewe, tukakokota chambo bandia kwenye maji ya mita 45, tukapata sangara sita. Julai tukarudi palepale, boti ileile, mwendo uleule, tukaambulia mmoja. Je, samaki wameisha?

Jibu: Marahaba. Safari moja haitoshi kusema wameisha. Nadhani walikuwepo, ila chini sana ya chambo chenu.

Kuanzia kama Septemba hadi Aprili, maji ya juu ya Ziwa Victoria hupata joto na kukaa juu ya maji ya baridi, ambayo ni mazito zaidi. Tofauti ni nyuzi chache tu, lakini yatosha kuzuia hewa isifike chini. Huko kwenye mita 40 na zaidi oksijeni hupungua mno, na sangara, hasa mkubwa, hastahimili hali hiyo. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara waliokufa walielea hadi fukwe za Uganda na Kenya, na wataalamu wa Uganda wakataja upungufu wa oksijeni. Basi Januari chini kwenu hapakukalika. Samaki walibanwa juu, chambo kikawapitia machoni.

Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki huyakoroga maji mpaka chini. Sangara hutawanyika, hata topeni kwenye mita 45. Chambo cha kuzama kinachokokotwa bila uzito, hata kile kizuri, kwa kawaida hakifiki mita 10.

Mnaweza kufunga chubwi mkishushe. Mimi Julai huacha maji makuu nikafuata miamba ya visiwani, upande uliokingwa na upepo, mita 6 hadi 12, wanakokaa furu ambao sangara huwala. Chambo kipite karibu kugusa jiwe. Tokeni asubuhi, maana mchana mawimbi hukua. Lakini tazameni mawingu kwanza, radi za ziwa hili hupiga sana usiku na alfajiri.

Nina sababu nyingine ya kuyaacha maji ya kina. Sangara akivutwa haraka kutoka mita 40, kibofu chake cha hewa huvimba na tumbo hutokeza mdomoni. Aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuchukuliwa, lakini huyo ukimrudisha hawezi kuzama tena; huelea ubavu mpaka ndege wamchukue. Nimewaona wengi hivyo, na inaniuma kila mara.